Gavana Aliyeokotwa Jalalani

Mtu wa mji wetu wa Tudun Rini akikwambia anamjua Kanali Mu'azu, muulize jina lake la nyumbani. Akianza kukohoa, huyo hamjui, ameona picha yake ukutani tu. Mimi Salele, mchinja ng'ombe, namjua tangu hajui kufuta makamasi. Baba yake ni mjomba wangu na mama yangu ni shangazi yake, na kwetu mabinamu wa namna hiyo ni watani. Naruhusiwa kumwita mtumwa wangu, kumvua kofia sokoni nikaivaa mimi, kula chakula chake huku anatazama. Na yeye anaruhusiwa kunifanyia hivyo hivyo, ila hana kipaji. Kipaji chote cha ukoo kilinishukia mimi, kikabaki kidogo cha kugawia wengine, na yeye siku hiyo alikuwa shule.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Mwalimu alisema kichwa changu hakiingii kitu. Nikamwambia ni kwa sababu kimeshajaa. Basi nikaenda zangu machinjioni, na mpaka leo fahali wa mji huu wakiniona wananiamkia.

Sasa, jina lake la nyumbani, kwa Kihausa chetu, ni Ajuji, yaani mtu wa jalalani. Hapa kidogo naweka utani pembeni. Mama yake, Inna Delu, alikuwa anazaa na kuzika. Kila mtoto, kabla hajaota meno, anafunikwa sanda. Alipozaliwa huyu, wanawake wa ukoo wakafanya kile kinachofanywa kwetu mama akiandamwa na msiba wa hivyo. Walimchukua mtoto mbichi, wakampeleka kwenye jalala kubwa la mji, wakamlaza juu ya ungo uliotoboka, wakaondoka bila kugeuka nyuma. Halafu mama yangu, shangazi yake, akajifanya anapita tu. "Hee! Nani katupa kitu hapa? Ngoja nikiokote, huenda kikanifaa." Akampeleka kwa Inna Delu, naye akamnunua kwa bakuli la mtama. Unaona ujanja? Mauti yakija kuuliza mtoto yuko wapi, yanaambiwa hakuna mtoto hapa, kuna takataka tumeiokota. Na mauti yana maringo, takataka hayachukui.

Ajuji akaishi. Siku ya saba alichinjiwa kondoo akapewa jina la Mu'azu, lakini nani alimwita hivyo? Tulikua pamoja tukiteleza kwenye jalala lile lile, lililokuwa refu kuliko minara ya misikiti yote ya mji, nikimwambia, "Karibu nyumbani kwa baba yako." Alikuwa akilia mara moja moja. Baadaye akazoea.

Shuleni alikuwa hodari, sikatai. Nani angejua kama mimi ningebaki? Alimaliza, akachukuliwa jeshini Kaduna, akarudi likizo na viatu vinavyong'aa mpaka kuku wakawa wanajitazama humo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea akaenda, akarudi amekonda, hataki kuulizwa. Kwa vita hivyo simtanii hata mimi. Akapanda vyeo taratibu, akaoa, akawa Luteni Kanali.

Kisha asubuhi moja nipo machinjioni nachuna ngozi, redio ikaanza kupiga muziki wa bendi ya jeshi tangu alfajiri. Nchi yetu kila mtu anajua maana yake: serikali imelala nyingine, imeamka nyingine. Siku chache baadaye wakataja magavana wapya wa kijeshi wa majimbo. Kufika jimbo letu, wakasema: Luteni Kanali Mu'azu. Kisu kikanitoka mkononi. Nikawaambia wenzangu, "Jamani, takataka yetu imepata kiti!"

Nilimpa muda azoee, halafu nikaenda kumsalimia huko makao makuu ya jimbo. Getini askari akanizuia.

"Unamtaka nani?"

"Mwambie mtumwa wangu kwamba bwana wake amefika."

Askari akaangalia kanzu yangu, ambayo nakiri ilikuwa na damu ya ng'ombe kidogo. Akaanza kufungua mkanda. Bahati akatokea Kapteni Gyang, msaidizi wa gavana, mtu wa milimani huko Jos, mrefu kama mlingoti. Nikamweleza mimi ni binamu. Kwao pia wana watani. Akanipitisha, ila akanishika mkono kwa nguvu kidogo, asije akajuta.

Ndani kuna makamishna wamekaa mstari mmoja, hakuna anayepumua kwa sauti. Ajuji yuko mwisho wa meza ndefu, miwani myeusi ndani ya nyumba. Nikasimama mlangoni.

"Takataka wee! Kiti chote hicho, na matako ni yale yale?"

Kamishna mmoja alifumba macho kama mtu anayesubiri bunduki. Gavana akavua miwani polepole.

"Kapteni."

"Afande!"

"Huyu mla-mifupa ni binamu yangu. Mpeni chakula upesi kabla hajatafuna kapeti."

Nikacheka peke yangu. Yeye akachekea puani. Ndipo wale makamishna wote wakacheka, kwa pamoja, na wakanyamaza kwa pamoja.

Tulikula wali na kuku sisi wawili tu. Alikuwa ameanza kunenepa. Kuku wa serikali hawana mbio, wanakamatika kila siku. Akaniambia, "Salele, hapa nikisema mvua inanyesha, na jua linawaka hivi, watu wanafungua miavuli."

"Mimi ningekwambia umekunywa."

"Ndiyo maana nataka uwe unakuja."

"Nitakuja kwa sababu ya kuku."

Basi. Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lenyewe.

Serikali ile ya wanajeshi ilikuwa na ugonjwa wa usafi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, nchi nzima inafagia, na ukionekana njiani bila ufagio unarushwa kichurachura mpaka ukumbuke utoto wako. Msimamizi wa usafi wa nchi nzima alikuwa Brigedia Oyekanmi, Myoruba kutoka Lagos, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka. Alikuwa anazunguka majimbo kukagua. Jimbo jirani alikuta punda aliyekufa kando ya barabara, na kabla kwato za yule punda hazijapoa gavana wa pale alikuwa amestaafishwa. Magavana wote wakawa wanaota punda.

Binamu yangu naye, badala ya kunyamaza, akaenda redioni akatangaza kwamba katika jimbo lake hakuna jalala hata moja litakalobaki limesimama. Nilipomsikia nikashika kichwa. Nikamwambia mke wangu, "Huyu amesahau alizaliwa wapi?"

Brigedia akasema vizuri, nitakuja kuona. Na akachagua mwenyewe mahali pa kuanzia: Tudun Rini, mji wa nyumbani kwa gavana. Kwa sababu mtu akitaka kujua kama unaoga, anakuangalia nyuma ya masikio.

Siku ya kuja Brigedia ilipofika, asubuhi yake tingatinga likaletwa kubomoa jalala. Dereva akaliwasha, likanguruma, watoto wakashangilia. Alipoinua macho akamkuta Inna Delu juu kabisa ya jalala, amekaa kwenye mkeka wake, ana birika la kutawadhia, tasbihi, na kuku wake wanne wamefungwa miguu. Alikuwa amehamia.

"Mama, shuka tufanye kazi," dereva akapaza sauti.

"Mwanangu, wewe una mama?"

"Ninaye."

"Basi zima hilo dude ukamsalimie."

Dereva akazima. Mkuu wa mji akaenda kumbembeleza, akaulizwa kama amesahau nani alimfunga nepi. Akarudi. Askari waliokuja na tingatinga wakatazamana. Amri ni amri, lakini nani atambeba mama wa gavana kwa makwapa? Wakapiga simu ya upepo.

Saa tatu hivi tukasikia king'ora. Ajuji akashuka garini na magwanda yaliyopigwa pasi mpaka yanaweza kukata nyanya. Akaenda mpaka chini ya jalala, akachuchumaa kumsalimia mama yake, kama mtoto yeyote wa kwetu anavyosalimia. Askari waliomzunguka hawakujua la kufanya. Kapteni Gyang akachuchumaa, na magoti yake marefu yakampita masikio. Msafara wote ukachuchumaa.

"Umeamkaje, Inna?"

"Salama. Watoto hawajambo? Umekula?"

"Nimekula. Inna, naomba ushuke."

"Sishuki."

"Brigedia anakuja leo hii. Akilikuta jalala hili, mimi kazi sina."

"Na likiondoka, mimi mtoto sina."

Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anataja bei ya karanga. "Nilikupata hapa. Waliokutangulia niliwapata kitandani, kwenye mikeka safi, na wote wako makaburini. Wewe jalala ndilo lilinipa. Leo ulivunje, yale mauti yakija yakiuliza huyu ametoka wapi, nitaonyesha nini?"

Ajuji akabaki amechuchumaa. Gavana wa jimbo zima, aliyeweza kumfunga mtu kwa kukohoa, anachora mchangani kwa kidole. Nikaona shingo yake inatoka jasho, na nikajua hatapanda kumwondoa mama yake kwa nguvu. Heri apoteze kazi. Angekaa pale mpaka Brigedia amkute, amvue nyota mabegani, na asingemgusa yule kikongwe. Ndivyo alivyo. Ningeweza kumcheka kwa mengi, si kwa hilo.

Watu wamejaa, wanamtazama. Basi nani atasema, kama si mtani?

"Ajuji! Simama, utapasua suruali, hayo makalio si ya darasa la tatu!"

Askari mmoja akaruka, akanikamata shingoni, bunduki ikanigonga taya.

"Mwache!" Gavana akasema bila kugeuka. "Huyo ni mtani wangu. Salele, leo sina nafasi ya upuuzi wako."

"Wewe umekuwa mjinga tangu lini? Au ni kuku wa serikali? Wakulima wa mji huu kila kiangazi wanachota mbolea hapa kwa punda, au umesahau? Mashamba yote ya vitunguu yamekula jalala hili. Usilivunje. Lihamishe! Lichukue lote ulipeleke shambani kwa marehemu mjomba. Litakuwepo, litakuwa lenu, ila litakuwa limelala badala ya kusimama. Inna, mke wa mjomba, kuhama si kufa, au siyo? Wewe mwenyewe asubuhi hii umehama."

Jamani, niliwaambia kichwa changu kilijaa tangu darasa la tatu.

Inna Delu akavuta tasbihi kidogo. Akafikiri. Akasema, "Kuhama si kufa."

Watu wakaanza kushangilia, punda wakaanza kuitwa.

"Ngojeni," akasema. "Mtu hahami bila kuaga. Alipochukuliwa hapa alikuwa mdogo, hakuaga. Alazwe tena, aokotwe tena, wa nyumba ya shangazi yake amwokote kama mwanzo. Nikimnunua hapo, deni la jalala limekwisha, na nyinyi mtalipeleka mnakotaka."

"Inna," Ajuji akasema polepole, "nimevaa sare."

"Ile mara ya kwanza ulikuwa huna hata nguo. Uchague."

Kapteni Gyang akaanza kutazama mawingu. Gavana akaangalia barabara ya kwenda mjini, akaangalia saa, akamwangalia mama yake. Akavua kofia yake ya jeshi, akampa Kapteni. Akapanda jalala. Viatu vile vya kung'aa vikazama kwenye majivu, maganda ya karanga na mavi ya mbuzi. Akafika juu, akajilaza chali pembeni ya wale kuku wanne, mikono kifuani, macho kwenye jua.

Watu elfu ngapi wale, hakuna aliyecheka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimejing'ata ulimi mpaka damu.

Mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki, kwa hiyo wa nyumba ya shangazi ni nani? Ni mimi. Nikapanda, nikajifanya napita. "Hee! Nani katupa kitu hapa? Tena kitu chenyewe kibaya! Ngoja nikiokote, huenda kikanifaa kulishia mbwa."

"Sema maneno ya kweli," Inna akanikaripia.

"Huenda kikanifaa," nikasema kwa adabu.

Nikainama, nikamshika makwapani, nikavuta. Hakuondoka hata inchi. Mimi ninayebeba robo mbili za ng'ombe kwa mabega, nimeshindwa na gavana! Nikavuta tena, kitu kikalia mgongoni mwangu.

"Umekula nini wewe, ofisi?"

"Vuta, mla-mifupa."

"Navuta! Jipe wepesi!"

"Mtoto mchanga anajipaje wepesi? Vuta!"

Na hapo ndipo king'ora cha pili kiliposikika. Wanajeshi wakisema mchana, wanakuja asubuhi. Magari ya Lagos yakasimama, vumbi likatulia, na Brigedia Oyekanmi akashuka akiwa na fimbo yake kwapani. Akatazama tingatinga lililozimwa. Akatazama jalala, refu kuliko msikiti. Akatazama juu yake: gavana wa kijeshi wa jimbo amelala chali kwenye takataka, mchinja ng'ombe amemkumbatia kifua, na bibi kizee na kuku.

Ajuji akapiga saluti hapo hapo alipolala. Nini tena angefanya?

"Luteni Kanali," Brigedia akasema. Alitumia Kihausa cha kambini, kile wanachojifunza wanajeshi wote, cha amri na matusi. "Unafanya nini huko?"

Kapteni Gyang, Mungu ambariki, akaruka mbele. "Mheshimiwa anakagua uchafu kwa karibu, afande!"

"Sikukuuliza wewe."

Ajuji angeweza kudaka uongo wa Kapteni, ulikuwa uongo mzuri. Akasema, "Afande, naaga jalala. Mama yangu alinipata hapa. Walionitangulia walikufa wote. Amesema niokotwe upya, ndipo tuliondoe. Nikikataa, hashuki."

"Na amri yangu?"

"Yeye alinipa amri kabla yako, afande."

Brigedia akachomoa fimbo kwapani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: akaweka fimbo kwenye boneti ya gari, akaanza kupanda jalala. Alipofika juu akamtazama Inna Delu, akavua kofia. Matone ya jasho yalikuwa yamemjaa kichwani.

"Mama," akasema, "hata kwetu watoto wa namna hii wapo. Kaka yangu alipewa jina la Jalala. Yeye ndiye aliyenisomesha."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Mnene."

"Unaona!" Inna Delu akanigeukia mimi, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nabisha. Halafu akamwambia Brigedia, "Basi usisimame kama kigingi. Huyu wa shangazi ana maneno mengi na nguvu hana. Shika miguu."

Nguvu hana! Mimi! Lakini haikuwa saa ya kubishana.

Nawaapia, Brigedia Oyekanmi kutoka Lagos, mtu aliyefukuza gavana kwa ajili ya punda, aliinama akashika viatu vya Luteni Kanali vyenye mavi ya mbuzi. Tukahesabu, tukainua. Tukashuka naye tukiyumba, mimi nikirudi kinyumenyume, gavana yuko juu juu kama jeneza linaloongea, anasema, "Taratibu, Salele, taratibu, mgongo wangu." Tukamweka miguuni pa mama yake, ambaye alishateremka upande wa pili na kuku zake. Akanipa mimi bakuli la mtama. Brigedia akapewa kuku. Alitaka kukataa, akaangaliwa, akapokea.

Wakati huo ndipo mji ukacheka. Ulicheka mpaka punda wakaogopa.

Kisha kazi. Punda, mikokoteni, malori ya jeshi, mpaka jua linazama jalala likawa limehamia shambani kwa mjomba, kilomita mbili nje ya mji, limetandazwa kama mkeka. Brigedia alikaa mpaka mwisho. Jioni redio ikasema gavana wa jimbo letu ameongoza zoezi la usafi kwa mwili wake mwenyewe. Mwezi uliofuata magavana wa majimbo mengine, kwa kuogopa kupitwa, wakaanza kupanda majalala yao na kupigwa picha. Mmoja alilala kabisa, akaumwa na nge. Mimi sikuwaambia wafanye hivyo.

Ajuji akaendelea kutawala. Alichimba visima, vingine vikatoa maji. Alijenga barabara ya kuja kwetu, ikafika karibu. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, na kweli kila mtu alimtupia la kwake: huyu mtoto wake hana kazi, yule mke wake hazai, mwingine anataka leseni ya pombe kwa jina la shemeji. Nilimwona anazeeka. Ila unene haukumtoka.

Halafu, mvua za mwaka mwingine zilipoanza, lori la vitunguu likasimama mbele ya nyumba ya Inna Delu, na akashuka yeye, kanzu ya kawaida, bila king'ora, bila Kapteni, amebeba sanduku lake na redio. Kule Lagos wakubwa walikuwa wamebadilishana viti, na magavana wote wameambiwa waende makwao na washukuru. Mji ukaja mbio. Wanaume wakakaa mikekani, wanawake wakaanza kulia ndani, mzee mmoja akaanza dua kabisa kama ya hitma. Mimi mwenyewe nilikuja na kichwa cha ng'ombe, na nilishindwa kupata tusi.

Inna Delu akatoka na kibuyu cha fura, uji wa mtama na maziwa, akatushangaa.

"Mnalia nini?"

"Inna," mkuu wa mji akasema kwa upole, "mwanao ameondolewa."

Akamtazama Ajuji, aliyekuwa amechuchumaa mlangoni anavua viatu. Akamgusa kichwa, akamgusa bega, kama mtu anayepapasa tikiti sokoni.

"Mbona huyu hapa, mzima," akasema. "Kunyweni fura, mwende makwenu, mtoto wangu hajala."